Kubandika na Kubandua

Mtoto anayetega ndege kwa ulimbo hujifunza mambo mawili, na la pili ndilo gumu. La kwanza ni kupika ulimbo wenyewe: utomvu wa mti, aghalabu mtini, unachemshwa polepole mpaka unakuwa mzito, kisha unapakwa kwenye kijiti kinachochomekwa pale ndege wanapokuja kunywa maji. Sisi tuliokulia Kalemie tulitega karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani, asubuhi, jua likiwa bado changa. La pili ni kumtoa ndege akiwa mzima. Ukimvuta tu, unabaki na ndege mkononi na manyoya kijitini, pengine na ngozi ya mguu wake pia. Wakubwa wetu walitufundisha kupaka mafuta kidogo, kusubiri, halafu kuzungusha kijiti badala ya kumvuta ndege.

Ulimbo umenirudia akilini kwa sababu sijapata mfano ulio karibu zaidi na sparadra. Gundi ya seremala huanza ikiwa majimaji, ikakauka, ikawa ngumu, na nguvu yake yote imo katika ule ukavu. Ulimbo haukauki. Siku zote unabaki nusu maji, nusu mpira: una wepesi wa kutosha kuingia katika kila mkunjo mdogo wa kitu kinachougusa, na una uzito wa kutosha kukataa kuachia unapovutwa. Bukari ya moto, yaani ugali, huwa na tabia hiyo kwa dakika chache kabla haijapoa, ndiyo maana tunalowesha vidole kabla ya kuimega. Gundi ya sparadra ni ya ukoo huo huo. Haihitaji moto, wala maji, wala muda wa kukauka. Inahitaji kidole kinachobonyeza. Ukiondoa kitambaa na jina la kiwanda, umebaki na ulimbo uliopimwa vizuri.

Kushika ngozi, basi, ni kazi iliyokwisha kujulikana zamani. Iliyowasumbua wakemia kwa zaidi ya miaka mia, na inayowasumbua wauguzi kila asubuhi, ni kuachia.

Kiswahili kimeliweka jambo hili ndani ya vitenzi vyake. Kilichobandikwa hubanduliwa, kilichoganda huganduliwa, aliyenaswa hunasuliwa, kilichofungwa hufunguliwa. Herufi chache mwishoni mwa neno zinatosha kukirudisha kitendo kilikotoka. Ila hatuvipi vitenzi hivyo heshima sawa. Mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa siku nyingi namna ya kufunga pansema, yaani kufunika kidonda. Kubandua huachiwa mkono wake ujifunzie wenyewe, na unajifunzia juu ya ngozi ya mtu mwingine.

Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, watu husema plasta. Sisi tunasema sparadra, kwa Kifaransa, na tukisema hivyo tunamaanisha ile roli ya kitambaa cheupe cha pamba ambayo hukatwa kwa makasi, au huchanwa kwa meno makasi yakiwa hayaonekani. Historia yake ya karibu inaanzia Hamburg, Ujerumani. Mwezi Machi 1882 mfamasia mmoja wa huko, Paul Beiersdorf, alipewa hataza ya plasta iliyopakwa dawa juu ya kitambaa chembamba chenye gutta-percha, utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Yeye alitaka dawa ikae pale ilipowekwa, basi. Aliyegongana uso kwa uso na tatizo letu ni Oscar Troplowitz, aliyeinunua kampuni hiyo mwaka 1890. Moja ya plasta zake za mpira ilishika kwelikweli, tena mno, na iliwasha ngozi hata ikawa haivumiliki. Mwaka 1896 akaitafutia kazi nyingine: ikauzwa kwa jina la Cito, kiraka cha kuziba mpira wa baiskeli uliotoboka. Kila ninapomwona fundi wa baiskeli sokoni akibana kiraka kwenye mpira wa ndani, huikumbuka ile gundi iliyotafuta kazi hospitalini ikaikosa.

Jibu lilikuja mwaka 1901, nalo liliitwa Leukoplast. Mpira ulichanganywa na utomvu wa misonobari pamoja na unga mweupe wa oksidi ya zinki. Zinki ilizituliza asidi za utomvu zilizokuwa zikiichoma ngozi, na ndiyo iliyoipa plasta weupe wake. Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la weupe. Kwa maoni yangu hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, kiwanda cha plasta kilipoiuliza ngozi nayo inasema nini. Roli za sparadra ya zinki zilizomo leo katika makabati ya vituo vyetu vya afya ni wajukuu wa plasta ile, na hawajabadilika sana. Bado kuna watu ambao ule utomvu wa misonobari unawaletea mzio: ngozi inawasha, inatoa vipele vyenye umbo la mraba wa plasta, na muuguzi asiyejua hudhani kidonda kimeingiwa na vijidudu.

Siwezi kuandika juu ya mpira na ngozi nikaruka jambo moja. Dunia ya miaka ile ilipata sehemu kubwa ya mpira wake wa porini kutoka Amazon na kutoka kwetu. Mwaka 1891 kapteni Mbelgiji, Alphonse Jacques, alijenga ngome kando ya ziwa, akaipa jina la Albert, mtoto wa ndugu yake Mfalme Leopold II. Ngome ikawa Albertville, na Albertville ikawa Kalemie. Mwaka uliofuata, mbali na hapa, katika nchi ya misitu, afisa wa Force Publique, jeshi la Leopold, aitwaye Louis Chaltin aliandika katika shajara yake jinsi mpira ulivyokusanywa. Utomvu ulitoka kwenye mitambaa ya Landolphia, ndugu wa mbungo wa pwani, na ili ugande mkusanyaji aliupaka kwenye mikono yake, mapaja yake na kifua chake. Ukiisha kuganda aliubandua, nao ulitoka na nywele zake. Chaltin hakuficha kwamba mara za kwanza kulikuwa na maumivu. Kipimo cha kila kijiji kiliwekwa na dola ya Leopold, na walioshindwa kukifikisha walichapwa, walifungwa, wengi waliuawa. Ninaposoma vitabu vya kisasa kuhusu madhara ya gundi juu ya mwili wa binadamu, vilivyojaa picha za wazee wa Ulaya wenye ngozi nyembamba kama karatasi, huwakumbuka wale watu wa msituni. Hakuna aliyewapimia ngozi zao.

Na ngozi inapimika. Tabaka lake la juu kabisa ni seli zilizokwisha kufa, zimepangwa kama vigae vya paa, safu 15 hadi 20, na sehemu nyingi za mwili unene wake ni mikrometa 10 hadi 20 tu. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko ukuta huo. Lakini ukuta huo ndio unaozuia maji ya mwili yasivuje nje na vijidudu visiingie ndani. Vigae vya juu huanguka kila siku, vingine hupanda kutoka chini, na safari ya seli moja kutoka chini mpaka kuanguka huchukua kama wiki nne. Sparadra inapobanduliwa huondoka na vigae vya juu. Mara moja si neno. Ila mtoto aliyeungua, ambaye pansema yake hubadilishwa kila siku na sparadra hurudishwa pale pale, ananyang'anywa ngozi upesi kuliko mwili wake unavyoweza kulipa. Baada ya wiki moja ana vidonda viwili: kile alicholetwa nacho, na fremu inayokizunguka, ambayo tumeitengeneza sisi.

Mwaka 2013 wataalamu waliokutana Marekani walichapisha maelezo ya pamoja ya madhara haya. Waliyataja: kuchubuka, malengelenge ya mvutano, kuchanika, mzio, ngozi kuloa mpaka ikalegea, vinyweleo kuvimba. Wakaweka na kipimo, kwamba ni jeraha la gundi ikiwa wekundu, au dalili nyingine, unadumu dakika 30 au zaidi baada ya plasta kutolewa. Kipimo hicho nakiheshimu kwa sababu kinamrudisha muuguzi kitandani kuangalia alichokifanya. Lakini neno la kwanza ndani yake ni wekundu, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Muuguzi wa Kalemie anayesubiri kuona wekundu atasubiri mpaka ngozi ipasuke. Hana budi kutafuta ishara nyingine: mahali palipokuwa peusi zaidi, au pa rangi ya zambarau kuliko jirani yake, joto analolisikia kwa mgongo wa kidole, uvimbe, mng'ao wa ngozi iliyovutwa, na neno la mgonjwa mwenyewe, ambalo mara nyingi ndilo la kwanza kusema na la mwisho kusikilizwa. Tena ngozi yetu haisahau mapema. Mchubuko mdogo huacha doa jeusi linalokaa miezi, na kwa baadhi yetu kovu huinuka na kuendelea kukua kupita mipaka ya jeraha lenyewe. Tunahitaji gundi inayoachia kwa upole kuliko wale walioandikiwa kipimo kile.

Kuna na mnato mwingine ambao hakuna aliyeukusudia, nao ni wa komprese kugandana na kidonda. Damu na maji ya kidonda hukauka ndani ya nyuzi za pamba, nyama changa inaota kupitia matundu yake, na siku ya kubadilisha pansema muuguzi anang'oa alichokiponya jana. Aliyeumizwa sana na jambo hilo ni mtu ambaye dunia inamjua kwa kazi nyingine kabisa. Auguste Lumière, ambaye pamoja na mdogo wake Louis aliwaonyesha watu wa Paris picha zinazotembea mnamo Desemba 1895, alikuwa Lyon wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akiwaona askari wakilia kila komprese zao zilipotolewa. Mwaka 1915 alichukua kitambaa cha matundu mapana, akakilowesha kwa mafuta mazito ya jamii ya vaselini, akakilaza kidondani chini ya komprese. Komprese ikanyonya maji kupitia matundu, na kitambaa chenye mafuta kikakataa kushika. Tili gra, ndivyo tunavyoitamka hapa, na kwa kidonda cha moto bado ni rafiki mkubwa kuliko vifaa vingi vya bei.

Inaniuma kuandika kwamba kitambaa chenyewe tungeweza kukifuma. Kalemie ilikuwa na Filtisaf, kiwanda kilichosokota na kufuma pamba hapa hapa mjini, na wazee wengi wa mji huu wana jamaa aliyewahi kula mshahara wake. Mashine zilinyamaza. Komprese zinazofika leo zimevuka bahari na ziwa.

Lumière alikuwa ameligusa jambo ambalo maelezo yake yalichelewa karibu miaka hamsini. Mwaka 1962, London, George Winter alichapisha katika jarida la Nature jaribio alilofanya kwa nguruwe: majeraha yaliyofunikwa kwa utando wa plastiki, yakabaki na unyevu, yaliota ngozi mpya kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya yale yaliyoachwa wazi yakaunda kigaga. Kwetu bado husemwa kidonda kipigwe upepo kikauke, na wanaosema hivyo wanawapenda watoto wao. Lakini ngozi mpya hutambaa, na haiwezi kutambaa juu ya kigaga kikavu; inabidi ichimbe njia chini yake. Kutokana na jaribio lile vikaja vifuniko vya kila namna vinavyotunza unyevu, na kila kimoja kilihitaji gundi ya kukishikilia. Gundi ikawa tena ndiyo swali.

Akriliki ndiyo iliyoanza kuisukuma sparadra ya mpira pembeni. Utepe wa Micropore wa kampuni ya 3M, ule unaofanana na karatasi, umetumia akriliki tangu miaka ya 1960. Hauna mpira, hauna utomvu wa misonobari, na matundu yake yanapitisha jasho. Katika mji wa joto na unyevunyevu kama wetu jambo hilo la mwisho si dogo, kwa sababu jasho lililofungiwa chini ya kitambaa cha zinki huilowesha ngozi mpaka inakuwa nyeupe na laini kama ya mfua nguo, na ngozi ya namna hiyo huchanika kwa kuguswa. Tabia ya akriliki inayowashangaza watu ni kwamba inazidi kushika kadiri inavyokaa. Saa ya kwanza inaonekana dhaifu. Siku ya tatu imekwisha kutambaa polepole katika kila ufa wa ngozi, na anayeivuta akikumbuka udhaifu wa siku ya kwanza hujikuta amechuna.

Silikoni laini ilikuja na tabia nyingine. Kampuni ya Mölnlycke ya Uswidi ilianza kuuza kifuniko cha kidonda kilichopakwa jeli hiyo mwaka 1990, na wanaotunza vidonda vya watoto wachanga na wagonjwa wa moto hawakukiacha tena. Jeli ni laini kiasi kwamba inajaza mikunjo ya ngozi papo hapo, ikigusa eneo kubwa bila kuikamata seli yoyote kwa nguvu. Nguvu yake ya leo ni ile ile ya jana. Inashika ngozi kavu lakini haishikani na kidonda chenye maji. Na kwa kuwa haiondoki na vigae vya ngozi, uso wake hubaki safi, hata unaweza kuibandua uangalie kidonda kisha uirudishe. Asili yake ni silika, yaani ule mchanga tunaoukanyaga ufukweni, baada ya kupita katika tanuri na katika mbinu ambayo mkemia Eugene Rochow wa General Electric aliigundua mwaka 1940. Mchanga tunao. Tanuri hatuna, na bei ya kifuniko kimoja cha silikoni inashinda kwa mbali bei ya roli nzima ya sparadra. Kalemie ni nadra kukikuta, hata kwa mwenye fedha mkononi.

Hata hivyo upole usichanganywe na ulegevu. Kalemie ni mojawapo ya miji ambayo kipindupindu hakijawahi kuisahau. Kinaondoka na kurudi pamoja na maji machafu na mvua. Mgonjwa aliyekauka kabisa hupewa serumu kwa mshipa, mililita 100 kwa kila kilo ya mwili wake, ndani ya saa tatu. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja ni saa sita. Mtu wa kilo 60 anapokea lita sita. Sehemu yake ya kwanza, mililita 30 kwa kila kilo, huingia katika nusu saa. Maji hayo yote hupita katika sindano moja ya plastiki iliyokaa katika mshipa uliosinyaa, juu ya mkono uliolowa, baridi, wa mtu anayejigeuza kwa maumivu ya misuli. Kinachoishikilia ni vipande viwili au vitatu vya sparadra. Pale simtaki mtu aniambie habari za gundi dhaifu. Pale nataka mkono ukaushwe kwanza, gundi ishike, na roho ya mtu ibaki. Upole wake utakuja kesho, wakati wa kutoa.

Na kuna mahali gundi haifai kabisa, iwe ya zinki, ya karatasi au ya mchanga wa ufukweni. Mtoto wa kwashiorkor, ugonjwa ambao ndugu zetu wa Kivu huuita bwaki, huwa na ngozi iliyovimba maji na inayobambuka yenyewe kama rangi kuukuu ukutani. Tangu vita vilipowatoa watu vijijini mwao na kuwaleta katika kambi zilizozunguka mji huu, watoto hao si wageni hapa. Kwao dawa ya kushikilia komprese ni banda ya kufunga, isiyokaza, fundo likae juu ya kitambaa. Ndivyo bibi zetu walivyofanya kwa kipande cha kikwembe kabla neno sparadra halijafika ziwani, na katika jambo hili kufunga kunaishinda teknolojia yote ya kubandika.

Kwa wengine wote tunabaki na sparadra tuliyo nayo na mikono tuliyo nayo. Nilikaa siku moja pembeni ya kitanda katika kituo cha afya, nikimtazama muuguzi akimhudumia mvulana wa miaka kama sita aliyemwagikiwa na mafuta ya mawese ya moto mkononi. Alipoigusa tu ncha ya sparadra, mtoto alianza kulia, na mama yake, naye machozi yakimlenga, akasema kile ambacho kila mmoja wetu ameambiwa utotoni: "Vuta mara moya, biishe."

Mama hakukosea kabisa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha James Cook, Australia, waliwabandika plasta wanafunzi 65 wa udaktari na kuzibandua, mara kwa haraka, mara polepole, na wanafunzi walisema ya haraka iliuma kidogo kuliko ya polepole. Lakini wale walikuwa vijana wenye afya, ngozi nzima, plasta moja, siku moja. Gundi za aina hii zina kanuni moja isiyobembelezwa: kadiri unavyozivuta kwa kasi ndivyo zinavyoshika kwa nguvu zaidi, kwa sababu hazipati muda wa kutiririka na kuachia. Kasi inafupisha maumivu na inaongeza mzigo juu ya ngozi. Kwa mwanafunzi wa Australia ni biashara nzuri. Kwa mkono utakaobanduliwa kesho, na kesho kutwa, na wiki mbili zijazo, ngozi ndiyo inayolipa.

"Hapana, mama," muuguzi alisema. "Tutaenda polepole, naye atanisaidia."

Alinawa, akachovya pamba katika vaselini, akaipitisha kando ya ukingo wa sparadra. Mpira hauogopi maji, lakini hunywa mafuta, na ukinywa unalegea. Wauguzi wa zamani walitumia eta kwa kazi hii. Inafanya kazi upesi, inachoma mahali palipochubuka, na inashika moto. Vaselini inataka subira tu. Akasubiri. Akamuuliza mtoto anasoma wapi, na mtoto, katikati ya kilio, akamjibu. Kisha akaikunja ncha ya sparadra nyuma juu yake yenyewe, ikalala sambamba na mkono, akaanza kuirudisha kidogo kidogo kufuata upande nywele zinakoelekea. Kidole cha mkono wake wa pili kilikuwa kimeibonyeza ngozi pale pale gundi ilipokuwa ikiachia, kikihama pamoja nayo. Macho yangu yalikuwa kwenye kidole kile. Kwa kweli alikuwa akiibandua ngozi kutoka kwenye sparadra, kama tulivyofundishwa kuzungusha kijiti na kumwacha ndege atulie.

Komprese ilikuwa imeganda. Aliilowesha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, akasubiri tena, ikatoka peke yake. Chini yake kulikuwa na nyama changa, nyekundu, isiyotoka damu. Akalaza tili gra, komprese juu yake, na kabla ya kubandika akayafuta mafuta yote pembeni kwa sabuni na maji, akakausha vizuri, kwa kuwa ngozi yenye mafuta haishiki kitu. Vipande vipya hakuviweka pale vya jana vilipokuwa. Alivisogeza upana wa kidole. Hakuvivuta vinyooke alipovilaza, maana sparadra iliyovutwa hutaka kurudi ilivyokuwa, na inaporudi huivuta ngozi mpaka inainua malengelenge. Alivilaza kutoka katikati kwenda nje, akavibonyeza kwa kiganja kilichopata joto.

Mwishoni akachukua ncha ya kila kipande, akaikunja gundi kwa gundi, nusu sentimeta hivi, ikabaki kama mkia mdogo usioshika popote. Mvulana, ambaye kilio kilikuwa kimemwisha bila mwenyewe kujua, akaugusa mmoja wa mikia ile akauliza ni wa nini.

"Ni wa kesho," muuguzi akamwambia.